Uzi wa kazi za nyumbani za hesabu na sayansi: lete mstari uliokukwamisha, usilete swali tupu

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kila jioni, baina ya Magharibi na Isha, simu yangu hujaa picha za maswali ya hisabati, fizikia na kemia. Mwanafunzi hupiga picha ukurasa mzima wa kitabu, akanitumia, kisha akaandika chini yake, "Mwalimu, nisaidie namba saba." Namba saba mimi naijua. Nisilolijua ni mahali yeye aliposimama, na bila ya kupajua hapo, nitakachomwandikia kitakuwa ni jibu langu tu. Atalinakili usiku, atalikabidhi asubuhi, na likirudi katika mtihani limebadilishwa tarakimu moja atakuwa mgeni nalo kama siku ya kwanza.

Kwa hivyo nafungua uzi huu kwa sharti moja. Anayetaka kusaidiwa aandike hesabu yake mwenyewe, mstari kwa mstari, hata kama anajua kuwa imekosewa, kisha aonyeshe mstari uliomkwamisha. Msione haya. Wengi wanaonitumia maswali ni wa kidato cha tatu, yaani kundi lililofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, mwaka wa 2023, na waliokuja nyuma yao hawafuati tena mtaala wa zamani wa 8-4-4, kwa hiyo nawaelewa wanapohisi kwamba wako peke yao njiani.

Sharti hili sikulitunga kwa ukali. Hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina karatasi mbili za alama 100 kila moja, na kila karatasi ni saa mbili na nusu: maswali 16 ya lazima katika sehemu ya kwanza, kisha maswali 8 ambayo kati yake mtahiniwa huchagua 5. Msahihishaji hatafuti jibu la mwisho peke yake, kwa sababu alama zimegawanywa, nyingine ni za njia na nyingine ni za jibu. Aliyeweka njia iliyo sawa kisha akazidisha vibaya mwishoni hupoteza alama ya jibu na kubaki na za njia. Aliyeandika jibu tupu, likawa si sahihi, hana pa kushika.

Nitoe mfano wa juzi. Binti mmoja aliulizwa kazi inayofanyika gunia la mahindi la kilo 90 linapoinuliwa hadi kwenye lori, kimo cha mita 1.2. Yeye alipata 108, kitabu kikasema 1,080, naye akadhani amekosea nukta ya desimali. Nilipomwomba mistari yake nikaona amezidisha 90 kwa 1.2, basi. Pale sokoni Kongowea hakuna mtu anayesema tungamo. Gunia likiwekwa kwenye mizani tunasema uzito wake ni kilo 90, na mnunuzi na muuzaji wanaelewana. Katika fizikia kilo ni kipimo cha tungamo, nao uzito ni kani ambayo dunia inalivuta gunia kwayo, na hupimwa kwa nyutoni. Dunia huvuta kila kilo kwa takriban nyutoni 10, kwa hivyo kilo 90 mara 10 ni nyutoni 900, na 900 mara 1.2 ni jouli 1,080. Lau angalinitumia picha ya swali peke yake ningemwandikia mistari miwili hiyo, akashukuru, na asingejua kamwe kwamba kosa lake lilitoka sokoni.

Karibuni.

Mwanafunzi wa Likoni:

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kidato cha tatu, nakaa Likoni na shule yangu iko kisiwani Mombasa, kwa hivyo navuka kwa feri mara mbili kila siku, na ndiyo maana swali hili limeniudhi. Nimeandika kama ulivyotaka.

Swali: Kivuko kinavuka mlango wa maji wenye upana wa mita 500. Kimeelekezwa moja kwa moja ng'ambo, na kasi yake katika maji yaliyotulia ni mita 3 kwa sekunde. Mkondo unakwenda sambamba na ufuo kwa mita 1 kwa sekunde. Tafuta muda wa kuvuka, na umbali ambao kivuko kitakuwa kimesukumwa kando.

Mstari wa 1: mraba wa 3 jumlisha mraba wa 1 ni 10.
Mstari wa 2: kipeuo cha pili cha 10 ni 3.16, kwa hivyo kivuko kinakwenda mita 3.16 kwa sekunde.
Mstari wa 3: 500 gawanya kwa 3.16 ni sekunde 158.
Mstari wa 4: sekunde 158 mara 1 ni mita 158.

Kitabu kinasema sekunde 167 na mita 167. Nimekwama mstari wa tatu, kwa sababu kugawanya umbali kwa kasi ndivyo tulivyofundishwa.

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Marahaba, mwanangu. Mstari wa kwanza na wa pili ni sahihi kabisa, na ule wa 3.16 wengi hawaufikii. Sasa sitakuambia kosa, nitakuuliza. Hiyo kasi ya 3.16 ni kasi ya kivuko kikifuata njia gani? Chora mchoro. Weka ufuo wa Likoni chini, ufuo wa kisiwani juu, kisha uchore mstari ambao kivuko kitaupita kweli, si ule ambao omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, imeuelekea. Ukimaliza, uniambie mstari huo una urefu wa mita 500 au zaidi.

Mama wa Leso, Kongowea:

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nina neno. Sharti lako ni zuri kwa mtu mwenye nafasi. Mwanangu anarudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, anaoga, anakula, anakuta kazi za masomo manne zote zinatakiwa kesho yake asubuhi, na anaondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wewe unamwambia achore mchoro. Yeye anachukua simu yangu, anapiga picha, programu inamtolea majibu yote mpaka na hatua zake, na kufikia saa nne amelala. Nikimkataza, kesho anaadhibiwa kwa kutomaliza. Nikimwachia, ndiyo yale yaliyotukuta muhula uliopita: mwalimu wake alimpa chaki mbele ya darasa, akamwambia afanye lile lile aliloliandika vizuri daftarini, na mtoto akasimama pale kama mlingoti. Alirudi nyumbani hataki hata kusikia neno hisabati. Sasa mzazi afanye nini?

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Mama, malalamiko yako ni ya haki na sina dawa ya saa za shule. Kazi ya maswali 20 kwa usiku mmoja inamfundisha mtoto kunakili, hata bila ya simu. Zamani tulinakiliana chini ya mwembe kabla ya kengele, simu haijulikani. Ningekuwa mimi ndiye mzazi, ningemwachia mtoto afanye maswali matatu kwa jasho lake, na yaliyobaki ayaache wazi na aandike pale alipofika. Walimu wengi huikubali kazi ya namna hiyo wanapoona kuwa mtoto ameisumbukia, na asiyeikubali mzazi aende akazungumze naye kwa upole. Lakini niletee swali moja katika hayo ya mwanao, lile alilosimama nalo ubaoni, tulione.

Mwanafunzi wa Likoni:

Mwalimu, nimechora. Njia yenyewe ni ya mshazari, na ni zaidi ya mita 500. Nilikuwa nimeigawanya mita 500, ambayo ni njia iliyonyooka, kwa kasi ya njia iliyolala. Vitu viwili visivyohusiana. Lakini sasa nimekwama upya: ili nijue urefu wa mshazari lazima nijue kivuko kimesukumwa kiasi gani, na hilo ndilo ninalolitafuta.

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Umefika penyewe. Sasa jiulize kitu kimoja ambacho wewe unakiona kila siku ukiwa umesimama kwenye feri: je, mkondo unakusukuma kwenda ng'ambo? Hausukumi. Unakurudisha Likoni? Haurudishi. Mkondo kazi yake ni kukupeleka kando, ama ndani upande wa Kilindini maji yanapojaa, ama nje baharini yanapokupwa. Basi muda wa kufika ng'ambo unaamuliwa na ile kasi ya mita 3 peke yake: 500 gawanya kwa 3, sekunde 166.7. Katika sekunde hizo mkondo unaotembea mita 1 kwa sekunde utakuwa umekupeleka mita 166.7.

Na ili uamini kwamba njia yako haikuwa ya kutupwa, ikamilishe. Mshazari wake ni kipeuo cha pili cha mraba wa 500 jumlisha mraba wa 166.7, ambacho ni mita 527. Gawanya 527 kwa 3.16 yako. Unapata 167 ile ile.

Mzee wa Makasia, Mtongwe:

Samahani Mwalimu, na samahani mwanangu wa Likoni. Mimi sikusoma fizikia, nilisoma maji. Hesabu yenu siipingi na jibu la kitabu silipingi, lakini hakuna nahodha anayevuka namna hiyo. Ukielekeza omo moja kwa moja ng'ambo ukaacha maji yakupeleke mita 167, utafikia kwenye miamba, na gati umeliacha kule. Watu watakutukana. Maji hufuata mkondo, ila nahodha hafuati. Omo huielekeza juu ya mkondo, chombo kikawa kinatazama mahali pengine na kinafika mahali pengine. Ukiwa kwenye feri siku ya maji ya bamvua, yanapojaa na kupwa kwa nguvu, usitazame mbele. Tazama kituo cha upande wa pili na uitazame omo, utaona haziko mstari mmoja.

Aliyeandika kitabu hicho naona hajawahi kushika usukani.

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Mzee wangu, umenishika, na umenipa sehemu ya pili ya swali ambayo ni nzuri kuliko ya kwanza. Mwanafunzi wa Likoni, lifanye hili: kivuko ni kile kile, mkondo ni ule ule, lakini nahodha anataka kufika mkabala kabisa na alipotoka. Aielekeze omo kwa pembe gani, na atachukua sekunde ngapi? Nakupa kidokezo kimoja tu. Safari hii 3 si upande mfupi wa pembetatu.

Mama wa Leso, Kongowea:

Haya, swali lenyewe ni hili. Bidhaa inauzwa shilingi 1,160 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Bei yake kabla ya kodi ilikuwa shilingi ngapi? Mwanangu usiku huu ameandika mwenyewe, simu nimeiweka mimi mfukoni: asilimia 16 ya 1,160 ni 185.60, akatoa, akapata 974.40. Anasema haoni kosa, na kwa kweli hata mimi silioni.

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Mama, wewe ni mfanyabiashara, kwa hivyo mwambie mtoto ageuke awe muuzaji. Bei yake ni 974.40. Aongeze kodi ya asilimia 16 juu yake, amuuzie mteja, kisha aniambie amepokea ngapi.

Mama wa Leso, Kongowea:

Asilimia 16 ya 974.40 ni 155.90. Jumla ni 1,130.30. Lakini kwenye swali mteja amelipa 1,160. Kuna shilingi 29 na senti 70 zimepotea.

Nimeshaona. Subiri, Mwalimu, niliseme mimi mwenyewe, kwa sababu jambo hili limewahi kunila dukani. Leso niliyoinunua shilingi 500 nikiongeza asilimia 20 nitaiuza 600. Mteja akija akaniomba nimpunguzie asilimia 20 hiyo hiyo, nikadhani narudi kwenye mtaji wangu, nitamwachia kwa 480. Nimepoteza shilingi 20 na nimecheka naye vizuri tu. Asilimia 20 ya kwanza ilikuwa ya 500, na ya pili ilikuwa ya 600. Basi hata hapa, ile asilimia 16 ni ya bei ya kabla ya kodi, siyo ya 1,160. Bei ya kabla ni mia, pamoja na kodi ni mia na kumi na sita. Kwa hivyo 1,160 gawanya kwa 116, mara 100. Ni shilingi 1,000.

Mtoto ananitazama kama aliyenikuta nikiruka ukuta.

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Mama, kesho njoo unishikie darasa. Na angalia kilichofanya kazi hapa: mliirudisha hesabu nyuma mkaona haifungi. Katika hesabu za biashara, za mlinganyo, hata za kasi, jibu lolote linaweza kurudishwa katika swali likajaribiwa, nayo ni kazi ya nusu dakika. Programu ya simu ilimpa 1,000 tangu muhula uliopita, lakini haikumwonyesha zile shilingi 29 na senti 70.

Fundi wa Tudor:

Niitetee simu kidogo, kwa sababu mimi nilisoma usiku baada ya kazi na sikuwa na mwalimu wa kumwuliza saa tano. Ukiipa picha ya swali inakupa jibu, hilo ni kweli. Lakini ukiandika mistari yako mwenyewe, kisha ukaiuliza ni mstari gani wenye kosa na ukaikataza isikupe jibu, inakuwa kitu kingine kabisa. Ila usiiamini kwa kuwa imeandika kwa ufasaha. Mara mbili imewahi kunieleza jambo la uongo kwa lugha tamu, na nilijua kwa sababu niliirudisha hesabu nyuma kama mama alivyofanya hapo juu.

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Nakubaliana nawe kwa sharti hilo la kuikataza jibu, ingawa mtoto mwenye usingizi sijui kama atalishika.

Binti wa Changamwe:

Mwalimu, mimi hesabu si shida yangu, shida yangu ni kemia, na ndani ya kemia ni moli. Nimeandika.

Swali: Sentimita 20 za ujazo za asidi ya salfuriki yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita zilibatilisha sentimita 25 za ujazo za haidroksaidi ya sodiamu. Tafuta ukolezi wa haidroksaidi hiyo.

Mstari wa 1: sentimita 20 za ujazo ni lita 0.02.
Mstari wa 2: 0.02 mara 0.1 ni moli 0.002 za asidi.
Mstari wa 3: kwa hivyo haidroksaidi nayo ni moli 0.002.
Mstari wa 4: 0.002 gawanya kwa 0.025 ni moli 0.08 kwa lita.

Jibu la kitabu ni 0.16. Nimerudia mara tatu kwa kikokotoo na kila mara ni 0.08.

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Kemia si yangu, nisije nikakupoteza. Yuko ndugu yetu wa maabara humu, nadhani ataliona.

Mtu wa Maabara, Ganjoni:

Niko. Binti, kabla ya yote, kitazame kikokotoo chako kwa huruma, kwa sababu hakina kosa. Jibu lako ni nusu kamili ya jibu sahihi. Kosa la nusu kamili haliji kwa bahati mbaya. Ungekuwa umebonyeza tarakimu vibaya ungepata 0.07 au 0.093, kitu chochote kisichokuwa na sura. Nusu kamili, katika maswali ya moli, karibu kila mara hutokana na mlinganyo ambao haukuandikwa.

Katika mistari yako minne sijauona mlinganyo. Uandike, kisha uusawazishe: H2SO4 jumlisha 2NaOH inatoa Na2SO4 jumlisha 2H2O. Ile 2 iliyo mbele ya NaOH ndiyo uliyoiruka. Asidi ya salfuriki ina haidrojeni mbili za kutoa, na kila haidroksaidi ya sodiamu inaweza kupokea moja tu, kwa hivyo kila moli moja ya asidi inahitaji moli mbili za haidroksaidi. Mstari wako wa tatu ulisema moli moja kwa moli moja. Hiyo ingekuwa kweli lau asidi ingekuwa ya haidrokloriki, na nahisi mfano mliofanya darasani ulikuwa wa hiyo, nawe ukaubeba kama ulivyo. Rekebisha mstari wa tatu uwe moli 0.004, kisha 0.004 gawanya kwa 0.025, unapata 0.16.

Nimekaa katika maabara miaka mingi, na ninachokitazama kwanza ni umbo la kosa kabla ya hesabu yenyewe. Mwanafunzi akikosa kwa mara elfu moja kamili, hajabadilisha sentimita za ujazo kuwa lita. Akikosa kwa mara 3.6, hajabadilisha kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde. Akikosa kwa mara kumi katika kani, ni kama yule binti wa gunia la mahindi. Kosa likiwa na umbo, lina nyayo, na nyayo hufuatwa. Ndiyo maana nakereka mtoto anapofuta kwa raba jibu lake lisilo sahihi kabla sijaliona, amefuta nyayo.

Na kwa vitendo: unaposoma bureti, ile mirija ya kioo yenye vipimo, inamisha macho yawe usawa mmoja na kimiminika, usome chini ya mbonyeo, pale uso wa kimiminika unapobonyea katikati. Nimeona watoto wenye hesabu safi kabisa waliopoteza alama kwa sababu walisoma bureti wakiwa wamesimama wima.

Binti wa Changamwe:

Ahsante sana. Ni kweli, mfano wa darasani ulikuwa wa asidi ya haidrokloriki. Niliunakili mstari wa tatu kutoka kwenye mfano bila ya kujua kuwa ulikuwa na sababu yake.

Mzazi wa Mikindani:

Naomba kuuliza jambo ambalo huenda si la hesabu. Mwanangu akielezwa swali kwa Kiswahili analifanya, akilisoma kwa Kiingereza anaduwaa. Jirani zetu Tanzania wanasoma sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi, sisi huku ni Kiingereza. Je, nimsomeshe kwa Kiswahili nyumbani, au nitamchanganya?

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Hutamchanganya, bali mtihani ataufanya kwa Kiingereza, kwa hivyo mpe vyote viwili kwa mpangilio. Kabla ya kugusa kalamu, mwambie alisimulie swali kwa Kiswahili kana kwamba anakuhadithia kisa: nimepewa nini, natafutiwa nini, na ni kitu gani ambacho hakibadiliki. Akishindwa kulisimulia, basi hajalielewa, na hesabu yoyote atakayoifanya ni kubahatisha. Akishalisimulia, arudi kwenye Kiingereza na apige mstari chini ya maneno yaliyomletea kila sehemu ya kisa hicho.

Tahadhari moja. Kuna maneno ya kawaida ambayo katika fizikia yanafanya kazi ya siri. Mtahini akisema meza ni laini, hakusifii meza. Anakuambia usihesabu msuguano. Akisema uzi ni mwepesi, anamaanisha tungamo la uzi liwe sifuri. Akisema gari limeanza kutoka mahali liliposimama, amekupa tarakimu, nayo ni sifuri ya kasi ya mwanzo. Watoto hulalamika kwamba swali halikutoa taarifa za kutosha, kumbe taarifa imekaa ndani ya neno.

Mwanafunzi wa Likoni:

Mwalimu, nimerudi na sehemu ya pili, ile ya Mzee. Nimeanza kwa kuisimulia kwa Kiswahili kama ulivyomwambia mzazi wa Mikindani: kivuko kina uwezo wa mita 3 kwa sekunde, sehemu ya uwezo huo kinaitumia kuuzuia mkondo usikipeleke, na kinachobaki ndicho kinachokivusha. Baada ya kuandika hivyo niliona kwa nini 3 ni upande mrefu.

Mstari wa 1: ili kisisukumwe, sehemu ya kasi inayokwenda juu ya mkondo lazima iwe 1.
Mstari wa 2: sini ya pembe ni 1 gawanya kwa 3, kwa hivyo pembe ni digrii 19.5 kutoka mstari ulionyooka.
Mstari wa 3: kasi ya kuvuka ni kipeuo cha pili cha 9 toa 1, yaani 2.83.
Mstari wa 4: 500 gawanya kwa 2.83 ni sekunde 177.

Kwa hivyo nahodha anapoteza sekunde 10 tu lakini anafika gatini. Leo jioni nilikuwa kwenye feri na nilitazama kama Mzee alivyosema. Omo haikuwa imeelekea kituoni.

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Sina la kusahihisha. Mistari yote minne ni sawa.

Mwanafunzi wa Likoni:

Lakini nina swali langu mwenyewe, si la kitabu. Nilibadilisha mkondo nikauweka mita 3 kwa sekunde, sawa na kivuko. Sini ikawa 1, pembe ikawa digrii 90, na kasi ya kuvuka ikawa sifuri. Kisha nikauweka 4, na kikokotoo kikaandika kosa. Nimekwama hapo. Je, hesabu yangu imeharibika?

Mwalimu wa Jioni, Kisauni:

Haijaharibika, inazungumza. Pembe ya digrii 90 maana yake omo yote imeutazama mkondo na chombo kimesimama papo hapo, injini inanguruma na hakuna kinachosogea ng'ambo. Mkondo ukiwa 4, unaitafutia sini thamani ya 4 gawanya kwa 3, na sini ya pembe haizidi 1 hata siku moja. Kikokotoo kinakuambia kwamba hakuna pembe yoyote duniani itakayokufikisha mkabala na ulipotoka. Kuvuka utavuka, ila utafikia chini zaidi.

Mzee wa Makasia, Mtongwe:

Hilo sisi tulilijua bila ya kikokotoo. Dau la makasia halina nguvu ya feri, na maji ya bamvua yakikupwa yanalizidi dau. Ukiwa huna haraka, unafunga kamba na kungoja maji yasimame. Ukiwa na haraka, unalivuta dau kwa kamba kando ya ufuo, ukaenda nalo juu ya mkondo mbali kiasi, ndipo unapoingia na kupiga kasia kuelekea ng'ambo bila ya kushindana na maji. Yanakuteremsha yenyewe mpaka pale unapotaka. Kazi ilikuwa ni kujua ulivute mbali kiasi gani, na hilo tulilipima kwa jicho.

Mwanafunzi wa Likoni:

Mzee, nimejaribu kulipima kwa kalamu, nikichukua kasi na upana wa swali letu na mkondo wa 4.

Mstari wa 1: omo imeelekea moja kwa moja ng'ambo, kwa hivyo muda ni 500 gawanya kwa 3, sekunde 166.7.
Mstari wa 2: katika muda huo mkondo unateremsha chombo 166.7 mara 4, mita 667.
Mstari wa 3: kwa hivyo dau livutwe mita 667 juu ya mkondo kabla ya kuingia majini.

Mwalimu, safari hii sikukwama.